Mgeni njoo mwenyeji apone: wale mashangazi wawili wa "Arsenic and Old Lace"

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka asome hapa aende zake: "Arsenic and Old Lace" ya 1944 ni muvi tamu, tena tamu haswa, lakini utamu wake hauko kwa yule mwanamume aliyejaa kwenye bango la muvi. Cary Grant mtazameni mkipenda, hakuna anayewakataza, mie nawaambia mkodoe macho kwa mashangazi zake wawili, wao ndo muvi, wengine wote ni wapambe tu. Mwanzo wake wachosha, mwisho wake umetiwa sukari, katikati pale ndo pana mambo. Na nitasimulia mpaka mwisho sifichi kitu, muvi imepita miaka 80, aliyetaka kushtukizwa ashachelewa.

Kisa chenyewe ni hiki. Brooklyn, New York, siku ya Halloween, ile siku wao wanavaa vinyago na watoto wanapita mlango kwa mlango kuomba peremende. Kuna nyumba ya zamani imepakana na makaburi, ndani wanakaa wanawake wawili watu wazima, Abby na Martha Brewster, hawajaolewa, wacha Mungu, wapole, mtaa mzima unawapenda, polisi wa zamu wakipita lazima waingie kusalimia, mtu akiugua mtaani wao ndo wa kwanza kumpelekea supu. Wanakaa na mpwa wao Teddy ambaye kichwani hayuko sawa, anaamini yeye ni Rais Theodore Roosevelt, kwa hivyo ngazi za nyumba kwake ni kilima cha San Juan kule Cuba alikopigana Roosevelt mwaka 1898 na kila akipanda anapanda mbio na ukelele wa vita juu, na usiku wa manane anapuliza tarumbeta hadi majirani wanakwenda kushtaki. Mpwa mwingine ndo huyu Mortimer, Cary Grant, mwandishi wa gazeti kazi yake kuhakiki michezo ya stejini, siku hiyo hiyo amemuoa Elaine (Priscilla Lane) binti wa mchungaji jirani, amepitia kwa mashangazi kuwapa habari njema halafu waende fungate, teksi iko nje inangoja na mita yake inakimbia. Basi katika kutafuta makaratasi yake anafungua lile sanduku la kukalia chini ya dirisha, anakuta maiti.

Akili yake ikamwambia Teddy sasa amevuka mpaka, ameua mtu. Akawaketisha wale mashangazi awape habari polepole wasije wakazirai. Wao wakamtazama vile mtu anavyomtazama mtoto anayeuliza maswali mengi. Ah, huyo, huyo ni Bwana Hoskins, twamjua, si Teddy bwana, ni sisi.

Hapo ndo muvi inaanza, yote ya nyuma yake ni kupiga pasi.

Kumbe hawa bibi wanatundika tangazo la chumba cha kupangisha, anakuja mzee mpweke, hana mke hana ndugu, wanamhoji kwa upole watoka wapi, una jamaa, dini gani, wakishaona kweli hana mtu duniani wanamkaribisha glasi ya mvinyo wa elderberi wa kutengeneza nyumbani, na ndani mna aseniki, mna strikinini, na sayanaidi kidogo ya kunogesha. Kwao hiyo si kuua, hiyo ni sadaka, wanawapumzisha wazee wa watu na upweke. Teddy anaambiwa marehemu ni mhanga wa homa ya manjano kule Mfereji wa Panama, anashuka chini ya nyumba na jembe lake kuchimba malango ya mfereji, mashangazi wanavaa nguo za msiba na kusoma ibada kamili haikosi wimbo. Hoskins ndo wa 12. Ama wa 11, wenyewe wanabishana, manake yule wa kwanza alikufa mwenyewe kwa ahadi yake akiwa amekaa kwenye kiti chao, wakaona uso wake umetulia vizuri, wakasema kumbe, na wazo likaingia. Huo ubishi wa amhesabu ama asimhesabu yule wa kwanza wanaufanya kwa sauti ile ile ya wanawake wanaokumbushana harusi ya fulani walikuja watu wangapi.

Sasa sie watu wa Mombasa hii kitu tunaiona na jicho letu. Kwetu mtu akikutembelea hata viatu hajavua vizuri ushaambiwa jikoni mgeni kaja, italetwa kahawa, zitaletwa kaimati, italetwa sharubati, na kukataa ni kama umemtukana mwenye nyumba, utaambiwa onja japo kidogo mwanangu, japo funda moja, na utaonja hata kama umetoka kushiba kwa mwengine. Hiyo "onja japo kidogo" ndo silaha ya hawa bibi! Hawana kisu, hawana bastola, hawapandishi sauti hata mara moja, wana glasi na tabasamu tu. Mgeni njoo mwenyeji apone, sawa, mwenyeji kapona, mgeni yuko chini ya nyumba. Na ile ya siku ya tatu mpe jembe, hapa jembe ashapewa Teddy na mgeni ndo anayechimbiwa.

Kuna sini moja nataka muiangalie kwa makini. Anaingia mzee anaitwa Gibbs, mnuni, kaja kuulizia chumba. Wanamkalisha, wanamuuliza maswali yao, na kila akijibu hana mtu wanatazamana kwa huruma, ile huruma ya kweli kabisa si ya kuigiza, halafu glasi inajazwa. Kamera haina haraka. Mzee anainua glasi, anasita, anaongea neno, anainua tena, na wale bibi wamejiinamisha mbele kidogo, midomo imefunguka kidogo, wana furaha ya mtu anayengoja uonje pilau yake umwambie imekolea. Mortimer yuko kwenye simu anahangaika na mambo yake, anageuka sekunde ya mwisho kabisa, na mayowe anayompigia yule mzee mpaka akatoka mbio... mie nilicheka nikajiona mbaya kwa kucheka, na hapo ndo ujue uchekeshaji mweusi umekuingia sawasawa.

Mara ya kwanza niliiona kwenye mkahawa mmoja wa upande wa Nyali ambao huweka projekta usiku, sitautaja, manake nikiutaja itabidi niseme na sauti yake ilivokuwa. Muvi hii watu wanaongea kama wanakimbizwa, maneno yanapandana, halafu spika moja ndo inafanya kazi na hiyo yenyewe iko karibu na jiko, kwa hivyo nusu ya vichekesho vililiwa na mafuta ya bhajia. Maandishi ya chini hawakuweka. Vijana wa meza ya nyuma baada ya nusu saa wakaanza kuzisimulia wenyewe sauti za wahusika, kila mtu anajifanya DJ Afro, yule msimuliaji wa muvi, na wallahi walikuwa wanachekesha, ila walichosimulia hakihusiani kabisa na kilichokuwa ukutani. Juisi ya ukwaju nzuri lakini, hilo niseme haki.

Kwa hivyo nikaja kuitazama tena nyumbani kwa utulivu, na shangazi yangu wa Kibokoni akawa yuko kwetu akakaa nayo. Kiingereza anakisikia vizuri kuliko anavotaka watu wajue. Walipofika pale mvinyo unamiminwa akasema, "Si ndo maana pombe ikaharamishwa." Baadaye Teddy anashuka na maiti kule chini, kimya kidogo, halafu: "Hawa wazee lakini wana bahati, wana kijana wa kuwafanyia kazi." Nikamwambia shangazi hao ni wauaji, akanijibu eti yeye hakusema si wauaji, amesema wana kijana. Mimi naona hakuna mhakiki yeyote aliyeielewa hii muvi kama yeye. Manake ndo hivo, kila kitu mle ndani kinaendeshwa na adabu za nyumbani. Kuua hawaoni neno, lakini waambie waseme uongo watakushangaa umelelewa wapi. Na baadaye mtu mwengine anapoleta maiti yake anataka ifukiwe mle mle chini, wanakasirika kwelikweli, si kwa sababu ya maiti, ni kwa sababu huyo hawamjui, kwao wapi, hawawezi kulaza mtu baki na wazee wao.

Huyo mtu mwengine ni Jonathan, ndugu yake Mortimer, na hapa inabidi niwape historia kidogo, msiniruke.

Hii ilianza kama mchezo wa stejini. Aliyeuandika ni Joseph Kesselring, ukafunguliwa Broadway, kule kwenye majumba makubwa ya michezo New York, 10 Januari 1941, ukachezwa mara 1,444, hadi Juni 1944. Fikirieni, vita vya dunia vinawaka, kila siku orodha za waliokufa zinatoka, na watu wanapanga foleni kwenda kucheka wazee wanaotiliwa sumu. Inasemekana kisa kimechotwa kwenye kesi ya kweli, ya mwanamke anaitwa Amy Archer-Gilligan, alikuwa na nyumba ya kutunza wazee kule Windsor, Connecticut, wazee wakawa wanakufa mmoja mmoja, akakamatwa 1916, na aseniki ilihusika. Huyo wa kweli lakini alikuwa anafuata pesa zao. Kesselring akaiondoa ile tamaa akaweka huruma, na hapo ndo kazi yote ilipo. Muuaji mwenye tamaa tushamzoea, habari za saa moja zimejaa. Muuaji anayekupenda ndo hujui umweke wapi.

Dairekta Frank Capra aliipiga picha mwishoni mwa 1941, halafu muvi ikakaa ndani miaka, kwa sababu mkataba ulisema isitoke mpaka mchezo umalizike Broadway, na mchezo ukakataa kumalizika. Capra mwenyewe akaenda jeshini, Marekani ikaingia vitani, muvi iko kabatini. Ndo maana inaitwa ya 1944 lakini ukiangalia nguo na magari ni ya kabla.

Jambo zuri walilolifanya ni kuwachukua waliokuwa wanacheza stejini wenyewe: Josephine Hull ndo Abby, Jean Adair ndo Martha, na John Alexander ndo Teddy. Wakapewa ruhusa kidogo kule Broadway wakaja kupiga picha wakarudi zao. Na inaonekana! Hawa wanawake walishacheza hizi nafasi usiku baada ya usiku mbele ya watu, wanajua kicheko kinakuja wapi na kinadumu muda gani, kwa hivyo hawakikimbilii. Mtazameni Josephine Hull anavotembea tu, vihatua vidogo vidogo vya haraka, kama mtu aliyeacha kitu motoni. Akifika mlango wa kule chini anaongeza kidogo mwendo. Hasemi kitu. Umbo lake lote ni bibi wa watu, na ndo linakutisha.

Aliyekosekana ni Boris Karloff. Kule stejini Jonathan alikuwa ni yeye, yule yule aliyecheza dude kwenye muvi ya Frankenstein ya 1931, na kichekesho kikubwa cha mchezo ni kwamba Jonathan ni muuaji sugu aliyebadilishwa sura na daktari mlevi, daktari kwa ulevi wake akamfanya afanane na Boris Karloff, na kila mtu akimwambia wafanana na Karloff anapandisha mori. Sasa fikiria Karloff mwenyewe amesimama hapo anaambiwa hivo, ukumbi mzima si unapasuka. Wenye mchezo wakakataa kumwachia, yeye ndo alikuwa anawajazia viti. Basi kwenye muvi wakamweka Raymond Massey na makovu ya kupaka, na utani wa Karloff wakauacha vile vile. Massey yuko sawa, anatisha, lakini kichekesho kimegeuka kuwa maelezo, wewe mtazamaji inabidi umjue Karloff ni nani kisha umfananishe, na ukishaanza kufananisha kucheka kushapita. Watoto wangu wa leo watamjua Karloff wapi?

Anayeokoa upande huo ni Peter Lorre, ndo daktari mlevi mwenyewe, jina lake Dokta Einstein (si yule). Kadogo, macho yametoka, sauti ya kunong'ona kama anaogopa kuamsha mtoto, na ni mwoga, anataka kunywa na kulala tu, lakini amefungwa na Jonathan miaka na miaka. Halafu inakuja hesabu. Jonathan ana maiti 12 duniani kote, anajisifu nazo, na daktari anamkumbusha mmoja usimhesabu, yule alikufa na nimonia. Hata akihesabiwa, wale bibi kukaa nyumbani tu hawajatoka Brooklyn wana 12 pia. Sare! Uso wa Jonathan hapo nenda kautazame mwenyewe, ni uso wa mtu aliyekwenda Ulaya miaka 20 akarudi akakuta dada zake waliobaki wana nyumba kubwa kuliko yake.

Sasa jambo la stejini kuwa muvi. Kenya hapa tumezoea ile ya vitabu vya kutahiniwa, kikundi kinakuja shuleni kinacheza tamthilia watoto wapate kukumbuka wakati wa mtihani, halafu mtu anairekodi kwa kamera moja imesimama nyuma ya ukumbi na hiyo ndo inauzwa kama vidio. Na upande wa pili kuna wale wakipata mchezo wa chumba kimoja wanaona haya, wanakimbilia kutoa watu nje, mara ufuoni, mara kwenye gari, ati isionekane ni ya steji. Capra hakufanya hiyo wala hiyo. Karibu muvi nzima iko kwenye sebule ile moja, ngazi pale, mlango wa chini pale, dirisha na sanduku lake pale, na baada ya robo saa wewe mtazamaji unaijua hiyo nyumba kama kwenu, unajua nani akisimama hapa hawezi kuona kule, na hofu yote na kicheko chote kinatoka hapo. Mpiga picha Sol Polito amejaza vivuli kwenye kuta, Jonathan akisimama kivuli chake kinafika darini. Na maiti je? Huioni waziwazi hata moja. Watu wanafunua sanduku, wanafunga sanduku, wanabeba kitu gizani, wewe unaangalia nyuso zao. Ile shida ya steji, kwamba huwezi kumlaza mtu pale saa mbili nzima akajifanya amekufa bila kupiga chafya, wameigeuza ikawa ndo ladha.

Halafu sini ya kiti. Mortimer kazi yake ni kuhakiki michezo, si nimewaambia, kwa hivyo anaketi anamsimulia Dokta Einstein mchezo mmoja wa kipuuzi aliouona, kuna jamaa ndani yake anajua kabisa yuko kwenye nyumba ya wauaji, badala ya kukimbia anakaa kwenye kiti, mpumbavu yule, anangoja kufungwa, na wamfunge na nini, na kamba ya pazia! Anasimulia amekaa kwenye kiti. Na Jonathan yuko nyuma yake na kamba ya pazia. Shangazi yangu alikuwa anampigia kelele kwenye skrini, "Geuka we! Geuka!" na mie najua kinachokuja nikawa nashikilia mto. Anafungwa vile vile alivosimulia, mdomo unazibwa. Inazidi, anaingia polisi O'Hara anamkuta mhakiki amefungwa kwenye kiti, hashtuki, yeye ana ndoto ya kuandika mchezo, anaona hapa ndo amempata mtu wa kumsikiliza asiyeweza kuondoka, anaanza kumsimulia mchezo wake mwanzo hadi mwisho. Kila aliyewahi kushikwa barazani na mtu mwenye shairi refu ataelewa.

Malalamiko sasa, na ninayo.

Ile mianzo. Wanaanza na mechi ya besiboli watu wanapigana ngumi, kisha ofisi ya cheti cha ndoa, Mortimer amevaa miwani ya giza anajificha waandishi wa magazeti kwa sababu aliwahi kuandika vitabu vya kuponda ndoa. Hayo mchezoni hayamo. Wameyabandika ndugu pacha Julius na Philip Epstein, na hawa si waandishi wa kubahatisha, wamo kwenye walioandika ile muvi ya Casablanca, lakini hapa naona waliambiwa wampe nyota wao nafasi ya kuingia kwa mbwembwe. Ruka mpaka kwenye nyumba, hukosi kitu.

La pili ni Grant mwenyewe. Mimi nampenda, mahali pengine ni mtu wa kuvaa suti na kusema neno moja likatosha. Humu macho yametoka nje, anaruka, anabweka, anageukia kamera, kila maiti ikitajwa anafanya ile ya kushtuka mara mbili, tatu, nne. Mara ya kwanza pale kwenye sanduku inachekesha mno, anafungua, anafunga, anaendelea na shughuli zake, ndo akili inafika. Baada ya saa nzima unataka kumpa maji ya baridi akae. Mwenyewe miaka ya baadaye alikuwa akisema kazi yake humu haipendi, na mie niko naye. Wale bibi wanakwenda polepole yeye anakwenda mbio, na kuna wakati inasaidia, pupa yake inafanya utulivu wao uzidi kutisha, lakini mwisho amezidisha.

La tatu ndo linaloniuma, mwisho. Kwenye mchezo, Bwana Witherspoon mkuu wa nyumba ya wagonjwa wa akili amekuja kumchukua Teddy (huyu ana kichekesho changu cha siri, anasikitika ati kina Roosevelt kule kwake wameshajaa, laiti angekuwa Napoleon, hao wamepungua). Mashangazi nao wanakubali kwenda kukaa huko. Kila kitu kimetulia, vijana wameondoka, wamebaki bibi wawili na huyu Witherspoon, mzee, mpweke, hana jamaa. Wanatazamana. Wanamletea glasi. Pazia. Yaani unatoka ukumbini na hiyo glasi kichwani! Na kuna vikundi vikicheza mchezo huu huwa wakati wa kuinama mbele ya watazamaji maiti wote wanapanda kutoka kule chini nao wanainama. Muvi imekataa kumalizia kwenye ile glasi. Imemalizika kwa Mortimer kugundua si wa damu ya hao Brewster, kwa hivyo wazimu wa ukoo haumhusu, anambeba mke wake anakimbia naye kwa furaha, na dereva wa teksi amebaki na bili yake. Hata hilo la kuzaliwa kwake wamelilainisha, mchezoni anatamka waziwazi kwamba ni mwana wa nje ya ndoa na anashangilia, kwenye muvi wakamfanya mtoto wa mpishi wa meli, kwa sababu Hollywood ya wakati ule ilikuwa na sheria zake za nini kinatamkwa. Sumu ruhusa, maiti 12 ruhusa, hilo neno marufuku. Nyie mnielezee.

Na hili la Teddy sijalimaliza na nafsi yangu. Kumcheka mtu mgonjwa wa akili, mwaka huu, mie mwenyewe nina jamaa, sioni raha sana. Ila nikitazama vizuri John Alexander hamchezi kama kichekesho, anamcheza kama rais, ana heshima zake, hafanyi ubaya, na nyumba nzima inamwamkia "Bwana Rais" na kumpa kazi zake. Mwendawazimu wa mle ndani asiye na hatia ni yule mwenye tarumbeta tu. Wenye akili timamu ndo wa kukimbiwa. Hapo naona muvi imejitetea, si sana lakini imejitetea.

Kwa anayetaka kuitazama: ni nyeusi na nyeupe, ni dakika 118, watoto wakubwa wanaweza kukaa nayo manake damu hakuna, ila jiandae na maswali kuhusu sumu. Weka maandishi ya chini hata kama Kiingereza chako ni cha maji. Usiiangalie kwenye simu, utapoteza vile vivuli. Tazama na mtu mzima, ikiwezekana shangazi. Nyota nampa nne kati ya tano, moja nimeishikilia kwa ajili ya ule mwisho, na mkahawa nampa mbili, zote za juisi.

Na nyie vikundi vya maigizo mnaochukua Little Theatre Club pale mjini, huu mchezo ni sebule moja, ngazi na sanduku, gharama yake ni ndogo. Ufanyeni kwa Kiswahili, wale bibi muwavishe leso, mvinyo mgeuze sharubati, na ile glasi ya mwisho tafadhali msiiondoe. Tikiti yangu nitalipa.